Umeitwa Kusoma Drama? Kwanza Sikiza Stori ya Daftari

Kila mwaka KUCCPS ikitoa nafasi za chuo, inboksi yangu hujaa swali moja. Linakuja na majina tofauti lakini ni lile lile: "Bro, nimeitwa kusoma sanaa za maigizo. Mathee anasema hiyo ni kozi ya kucheza. Niende ama niombe kubadilisha?"

Mnaniuliza mimi kwa sababu wengi mnajua niliisoma hiyo kozi. Mnajua pia sikuimaliza. Kuna wanaotaka niseme haina maana ndio wajisikie poa kuikataa, na kuna wanaotaka niwape moyo. Leo nitawaambia tu kuhusu yuniti moja, drama ya jamii, na kuhusu mama mmoja aliyelipa bei ya mimi kutoielewa. Halafu mtaamua wenyewe.

Niliingia chuo nikiwa na kichwa kikubwa. Shule ya upili nilikuwa yule mzee mlevi wa tamasha za drama, kila mtu ananijua. Kwa akili yangu, chuo kilikuwa njia ya kwenda kwa TV. Drama ya jamii nilipoiona kwa ratiba nilisonya. Nilidhani ni ile ya fulana za bure.

Si unaijua? Gari linakuja uwanjani na spika mbili kubwa. Muziki unapigwa mpaka watoto wajae. Jamaa anatokea na suruali imepasuka, anayumba, anaanguka, watu wanakufa kwa kicheko. Mkewe analia. Daktari wa koti jeupe anaingia na kusema enda ukapimwe, ama tumia neti, ama nawa mikono. Makofi. Fulana. Soda. Gari linaondoka.

Mhadhiri wetu, mama mmoja mkali mwenye sauti ya chini, alituambia siku ya kwanza kwamba hilo ni tangazo lenye miguu. Tangazo halina ubaya, alisema, lakini msilichanganye na drama ya jamii. Kwenye tangazo, jibu limekuja na gari. Kwenye drama ya jamii, jibu linatoka kwa watu waliokaa pale chini.

Jina la kwanza kwenye noti zangu ni Augusto Boal, Mbrazili. Mwaka wa 1971 serikali ya kijeshi ya nchi yake ilimkamata na kumtesa, akaishia uhamishoni. Mwaka wa 1973 alikuwa Peru, kwenye mradi wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mtindo wake ulikuwa hivi: waigizaji wanaonyesha shida, wanasimama pale imeiva, wanauliza watazamaji huyu mtu afanye nini. Watazamaji wakipendekeza kitu, waigizaji wanakiigiza.

Siku moja mwanamke asiyejua kusoma akaleta shida yake. Mumewe alikuwa amempa makaratasi amwekee, akidai ni ya nyumba wanayojenga. Mama alipoomba jirani amsomee, kumbe ni barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine. Na mume atarudi. Afanye nini? Kati ya watazamaji kulikuwa na mama mmoja mkubwa wa mwili aliyesema mke aongee na mume waziwazi. Waigizaji wakajaribu. Akasema siyo hivyo. Wakajaribu tena. Bado. Mwishowe Boal akamwambia basi panda utuonyeshe. Mama akapanda, akashika ufagio, na mwigizaji maskini aliyekuwa mume akajua kuongea waziwazi kunamaanisha nini.

Darasa zima tulicheka. Mhadhiri akangoja tumalize, kisha akauliza: ni mwigizaji gani angeweza kujua alichomaanisha yule mama? Hakuna. Ilibidi aingie mwenyewe. Ndio maana kwenye drama ya Boal mtazamaji anaruhusiwa kusimamisha mchezo, achukue nafasi ya yule anayeonewa, ajaribu njia yake. Wengine wote wanaangalia kama itafanya kazi. Ikifeli, imefeli kwa mchezo. Hakuna aliyefutwa kazi, hakuna aliyepigwa. Miaka ya baadaye Boal alikuwa diwani kule Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, na michezo ya aina hiyo mitaani ikazaa sheria 13 za jiji. Sheria za ukweli, kutoka kwa watu "kucheza".

Jina la pili kwenye noti ni Kamiriithu, na hii ni ya hapa kwetu, Limuru. Mwaka wa 1976 kulikuwa na kituo cha elimu ya watu wazima pale kijijini. Mwaka uliofuata, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii wakaandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Wanakijiji, wakulima na vibarua wa viwandani, waliusoma, wakarekebisha lugha, wakaleta nyimbo zao, wakaigiza wenyewe, na wakajenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Mchezo ulianza Oktoba 1977. Novemba serikali ikaondoa leseni. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka wa 1982, wakijaribu mchezo mwingine, jukwaa lenyewe likabomolewa.

Mimi nilisoma hayo yote kama historia ya mtihani. Mwaka, jina, alama. Sikujiuliza swali ambalo mhadhiri aliandika ubaoni na kuliacha pale mpaka kipindi kikaisha: "Mchezo ukiisha, nani anarudi nyumbani, na nani tayari yuko nyumbani?"

Mwaka wa pili tukatumwa nje. Wiki sita, mtaa mmoja upande wa Eastlands ambao sitautaja. Tulikuwa wanafunzi tisa pamoja na vijana wa kikundi cha pale. Wiki tatu za kwanza hatukuigiza chochote. Tulikaa tu. Kwa kinyozi, kwa kibanda cha chapo, pale watu wanapanga foleni ya maji. Nililalamika sana. Nilitaka jukwaa.

Sheria zilikuwa chache, na ya kwanza ilikuwa ya simu. Simu inakaa kwa begi mpaka watu wa pale, wenyewe, wakubaliane zitoke. Mimi nilikuwa nimeanza kupost video, nilikuwa na wafuasi kama mia nane hivi, na niliona hiyo ni sheria ya wazee wasioelewa dunia imeenda wapi.

Shida iliyokuwa kwa mdomo wa kila mtu ilikuwa maji. Ploti moja kubwa ilikuwa na mfereji mmoja, na ufunguo wa mfereji ulikuwa kwa keateka. Kodi umelipa kwa mwenye ploti, sawa, lakini kila mwezi keateka anapita na kuchukua "ya maji". Usipotoa, siku yako ya kuchota inapotea kimiujiza. Watu waliiongea kwa sauti ya chini, kila mtu kivyake.

Kwa hivyo tukatengeneza mchezo. Keateka aliigizwa na msee wa darasa letu, jamaa mnene mpole ambaye hajawahi kugombana na mtu, na tukamvalisha ufunguo wa kadibodi shingoni. Hatukutaja ploti wala jina. Ilikuwa Jumamosi mchana, uwanja mdogo kando ya kanisa, watu kama mia wamekaa kwa mawe, mitungi na viti vya plastiki.

Tulifika pale mpangaji wa mchezo ananyimwa maji na mtoto wake ni mgonjwa. Tukasimama. Mwelekezi wetu akauliza: afanye nini?

Kijana wa boda akaruka wa kwanza. Akamnyang'anya keateka ufunguo, watu wakapiga mbinja. Msee wetu akatoa simu ya kuigiza akasema kwa upole, "Boss, kuna mtu wa nyumba namba saba analeta fujo huku." Uwanja mzima ukalia, "Umeenda!" Kijana akarudi kukaa akicheka. Msichana mmoja akajaribu kwenda kwa chifu. Mzee aliyekuwa nyuma akamuuliza, "Na ukirudi jioni, maji utachota wapi?" Akakosa jibu.

Kisha mama mmoja akainua mkono. Hakupiga kelele. Alimpa jirani mtoto aliyekuwa mgongoni, akafunga leso vizuri, akaingia katikati. Tulidhani ataongea na keateka. Hakumwangalia hata. Aligeukia watu waliokaa.

"Wewe hulipa ngapi?"

Kimya kidogo. "Mia mbili."

"Na wewe?"

"Mia tatu na hamsini."

"Mimi mia tatu. Wewe je?"

"Mia tano," mwanamke mmoja akasema. "Aliniambia ni kwa sababu niko na watoto wengi."

Hapo uwanja ukaguna. Hakuna aliyekuwa anajua jirani yake analipa ngapi. Miaka yote hiyo wanaishi ukuta kwa ukuta, kila mmoja alidhani bei yake ndiyo bei. Mama akaomba daftari. Nilikuwa karibu, nikampa langu la noti za shambani, na kalamu. Akamwita msichana wa shule aandike. Jina la nyumba, kiasi. Jina la nyumba, kiasi. Nyumba 23. Msee wetu alisahau kuigiza. Alibaki pale amesimama na ufunguo wake wa kadibodi, mdomo wazi.

Nimeona maonyesho mengi tangu hapo, mengine ya tiketi ghali. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Na nilikuwa nakirekodi. Mkono mmoja ulimpa daftari, mwingine ulishika simu. Sikuwa nimeuliza mtu.

Usiku nikakata video. Si unajua vile inafanywa: toa kelele, toa kimya, weka pale pamoto. Nikabaki na sekunde 47. Uso wa mama, mkono kiunoni, sauti safi, anauliza kuhusu pesa za maji. Nikaandika juu, "Mama amemmaliza keateka," na emoji tatu za kucheka. Nikalala.

Asubuhi ilikuwa imefika watu elfu sitini. Wafuasi wangu wakapanda kutoka mia nane hadi elfu saba ndani ya siku mbili. Manze nilijiona nimefika. Watu walinitumia mioyo. Kwenye maoni mtu akaandika anaijua ile kanisa pale nyuma. Mwingine akataja mtaa. Wa tatu akataja ploti. Nikaona ni poa, posti inatembea.

Siku ya tatu kijana wa kikundi cha pale akanipigia. Hakusalimia.

"Buda, futa hiyo video."

Mlango wa mama ulikuwa na kufuli ambayo si yake. Vitu vyake vilikuwa nje: godoro, jiko, sufuria, sare za watoto. Hakuna aliyemwambia ni kwa sababu ya video. Walimwambia tu nyumba inataka kurekebishwa.

Nikafuta. Kazi bure. Ilikuwa tayari kwa status za watu, kwa makundi ya WhatsApp, kwa akaunti za watu nisiowajua.

Nimekaa na hiyo kitu muda mrefu sasa, na ninachokielewa ni hiki. Pale uwanjani yule mama alikuwa na vitu viwili vya kumlinda. Cha kwanza, mchezo. Alikuwa mpangaji wa hadithi, anaongea na keateka wa kadibodi. Kila mtu alijua anasema ukweli, lakini hakuna angeweza kumshika na kusema umesema. Cha pili, watu. Hakusimama kutoa hotuba. Aliuliza maswali mpaka wengine 22 wakaongea, na majina yakaingia kwa ukurasa mmoja. Keateka wa ukweli angekasirika, angekasirikia nyumba 23. Huwezi kuweka kufuli 23 usiku mmoja.

Mimi nilivitoa vyote viwili kwa sekunde 47. Nilitoa mchezo, kwa sababu video haikuonyesha kwamba ni mchezo. Na nikakata wale 22 nikabakisha mmoja, kwa sababu mmoja ndiye anaonekana vizuri kwa simu. Sikudanganya kitu. Kila neno alilisema. Lakini mama alikuwa ametengeneza ukuta, na mimi kwa kuhariri nikamtoa mbele ya ukuta peke yake.

Nilienda kumwona baada ya wiki moja. Alikuwa ameshikiliwa na dadake, ploti mbili mbele, wote ndani ya chumba kimoja. Nilibeba unga na mafuta kama mtu anaenda matanga. Akanikaribisha, akanipa kiti. Nikaanza, "Mama, nimekuja kuomba msamaha." Akaniacha nimalize. Kisha akauliza swali moja.

"Hiyo video ulilipwa ngapi?"

"Sikulipwa, mama."

"Sasa uliiweka ya nini?"

Mpaka leo sina jibu ninaloweza kumpa mtu wa umri wake nikimwangalia machoni. Aliposindikiza mlangoni aliniambia, bila hasira, "Kijana wangu, siku ile mimi nilikuwa naigiza. Wewe ndiye ulifanya ikawa nimesema."

Kuna sehemu ya stori ambayo watu hupenda, kwa hivyo nitaiweka lakini sitaki mtu aitumie kunipa moyo. Ule ukurasa ulichanwa kutoka kwa daftari langu na kubaki mtaani. Wapangaji walienda nao kwa mwenye ploti mwenyewe, wengi kwa pamoja, na akakubali maji yawe bei moja kwa kila nyumba. Mbinu ya mama ilifanya kazi. Yeye hakurudishwa. Nyumba yake ilikuwa imeshapangishwa.

Nilimweleza mhadhiri kila kitu. Nilitarajia kelele. Aliniambia tu, "Iandike kwenye ripoti." Sikuiandika. Niliogopa kufeli. Ripoti yetu ilisema jamii ilishirikishwa kikamilifu, na ilikuwa na picha nzuri. Ilisahihishwa na jopo, na fomu yao ilikuwa na nafasi ya idadi ya waliohudhuria, nafasi ya mada, nafasi ya picha. Haikuwa na nafasi ya kuuliza nini kilitokea tulipoondoka. Tukapata A. Ile alama bado iko kwa rekodi zangu, karibu ndiyo A ya pekee niliyowahi kupata, na ndiyo ninayoionea aibu.

Watu hudhani niliacha chuo kwa sababu hiyo, ama kwa sababu kozi haikuwa na maana. Hapana. Niliacha mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Salio lilikuwa kubwa, mtihani sikuruhusiwa kukaa, nikaahirisha muhula, muhula ukawa mwaka. Hiyo ndiyo sababu, na ni ya kawaida sana hapa Kenya. Lakini nikiwa mkweli, video ndizo zilinishika nikaacha kupigania kurudi, na video zilianzia kwa uso wa yule mama. Wafuasi wangu wa kwanza elfu saba ni wake. Wengine wenu mnaosoma hapa mlikuja siku hiyo.

Ndio maana mkiona sasa napost kitu cha mtaani, mara nyingi husikii jina, huoni geti, na mtu ameona video kabla yenu. Mara nyingine mtu akiiona anakataa, na hiyo wiki sipost. Mnalalamika nimekuwa mzembe. Sawa. Siwezi kuahidi nimepona kabisa, kwa sababu kila nikiona uso unaongea vizuri, mkono bado unaenda mfukoni. Lakini nimejifunza kuuliza lile swali la ubaoni kabla ya kutoa simu. Nikimaliza hapa, nani anarudi nyumbani, na nani tayari yuko nyumbani?

Sasa, swali lenu. Niende ama nisiende?

Ukitaka kwenda kwa sababu ya TV, kuna njia fupi, usijisumbue na drama ya jamii. Ukitaka kwenda kufundisha watu wa mtaa vile wanafaa kuishi, tafadhali baki kejani, matangazo yenye miguu yametosha. Lakini kama kuna kitu ndani yako kinapenda kuuliza swali na kunyamaza mpaka mtu ajibu, enda. Hakuna kozi nyingine niliyosikia ambayo inakutuma ukae wiki tatu kwa foleni ya maji kabla hujaruhusiwa kufungua mdomo. Usizidharau zile wiki tatu kama mimi. Na ukienda shambani, mjue yule atakayeongea ni nani, anakaa kwa nani, na nani ana ufunguo wake. Kabla ya mchezo, mkubaliane mkikasirikiwa mtafanya nini. Baada ya mchezo, rudini. Rudini bila kamera, wiki ijayo na mwezi ujao, hata kama fomu ya alama haina nafasi ya hiyo.

Na mathee akikuambia hiyo ni kozi ya kucheza, usibishane naye. Mwambie ni kweli. Muulize tu, kama ni kucheza, kwa nini mwaka wa 1982 serikali ilibomoa jukwaa la wanakijiji wa Limuru waliokuwa wanacheza?

Kisha pakia begi uende. Simu ikae ndani.